Nduwa Tatu

Mimi ni mwalimu wa hesabu na hasira zangu ziko karibu. Wanafunzi wangu wa Moshi mjini wanalijua hilo. Nikianza kuvua miwani, darasa zima linatulia. Nakasirika mtu mzima akiniambia, huku anacheka, kwamba yeye na hesabu waligombana tangu shule ya msingi. Mbona hakuna anayejisifu kuwa hajui kusoma? Namkasirikia pia mzazi anayesema mbele ya mwanawe kwamba ukoo wao wote ni wazito wa hesabu. Lakini hasira ninayotaka kuieleza hapa inamhusu mtu mmoja tu, na huyo namfahamu vizuri mno.

Kila Jumamosi napanda mlimani Kilema, kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloniachia baba, nikapalilie kahawa na kufuatilia maji. Wenzangu wana mpira. Mimi nina mfereji wetu wa asili unaoteremsha maji kutoka msituni mpaka kwenye nduwa, lile bwawa dogo la udongo ambamo maji hukusanywa kabla ya kugawiwa kwa zamu. Naweza kukaa pale asubuhi nzima nikiangalia nduwa inavyojaa. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa.

Huko ndiko nilikotoa swali la mtihani wa kidato cha pili. Mfereji mmoja unajaza bwawa kwa saa sita, mwingine kwa saa tatu; ikifunguliwa yote miwili, bwawa litajaa kwa muda gani? Mwongozo wa kusahihisha niliuandika mwenyewe: mchoro bila mlinganyo, sifuri. Nilikuwa nimechoshwa na wanaochungulia jibu kwa jirani kisha wanachorachora kunizuga.

Karatasi moja ilikuwa na miduara mitatu, namba sita pembeni, na jibu: saa mbili. Jibu lenyewe ni hilo hilo. Nikapiga sifuri kwa kalamu nyekundu, nikaenda kunywa chai.

Wiki mbili baadaye, kule Kilema, tulikuwa tumemaliza kuzibua mfereji wa pili, uliokuwa umeziba kwa matope, na watu wakaanza kubishana zamu zipangweje sasa maji yameongezeka. Bibi mmoja, jirani yangu, ambaye ndiye mpangaji wa zamu, alichoshwa na kelele zetu. Akaokota kijiti.

"Kwa saa sita, huu wa juu unajaza nduwa moja," akasema, akichora mduara kwenye matope. "Huu mwingine unajaza mbili." Akachora miwili tena. "Nduwa tatu, saa sita. Haya mwalimu, nduwa moja ni saa ngapi?"

"Mbili, bibi."

"Sasa mnabishana nini? Hata mjukuu wangu anajua, nilimfundisha hapa hapa. Si yuko shuleni kwenu huyo?"

Nikaikumbuka ile karatasi ya miduara mitatu, nikateremka bila kuaga.

Jumatatu nilimkuta mwalimu wa taaluma ofisini kwake. Orodha ya michepuo ya kidato cha tatu, nani sayansi na nani sanaa, ilikuwa tayari ukutani. Mjukuu wa bibi, binti yule wa miduara, alikuwa ameomba sayansi, anataka kusomea uuguzi, na kwa sifuri ile alama zake za hesabu zilikuwa zimepungua. Walimpeleka sanaa.

"Aisee mwalimu, hii imeshabandikwa," alisema mwenzangu. Akanisogezea mwongozo. "Na hii sahihi ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Nikafoka. Niligonga meza mpaka chai yake ikamwagika, nikayatukana madaftari, mitihani, na watu wanaopenda orodha kuliko watoto. Yeye alikuwa hajakosa kitu. Mkosaji nilikuwa mimi, niliyekulia kwenye maji yale, na nilikuwa namfokea mwingine. Mkuu wa shule alituita, akasikiliza, na kufikia Alhamisi binti alikuwa amerudishiwa alama zake na kuhamishiwa sayansi. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Kisha likaja jaribio la kwanza la kidato cha tatu. Mtu mmoja analima shamba kwa saa nne, mwingine kwa saa kumi na mbili, wakisaidiana je? Binti aliandika mlinganyo mrefu, nadhifu, wa ovyo kabisa, akapata saa kumi na sita. Yaani wakisaidiana wanachelewa kuliko kila mmoja peke yake! Nilimwita dirishani nikiwa nimeshavua miwani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona safari hii hukuchora?"

Akaiangalia miwani mkononi mwangu, kisha akaangalia chini.

"Nilichora, mwalimu. Nikapata tatu. Nikafuta, kwa sababu haikuwa na mlinganyo."

Nikavaa miwani, nikaielekeza karatasi kwenye mwanga. Miduara minne ya penseli ilikuwa bado inaonekana chini ya wino, yote imefutwa kwa nguvu mpaka karatasi imekaribia kutoboka.