Boila Iliyowashwa Mara Mbili

Sirad aliamka akiwa amechoka. Wapo wanaochoshwa na kazi za watu, na wapo wanaochoshwa na maradhi. Yeye alichoshwa na boila.

Boila yenyewe ilikuwa nyuma ya jiko, katika ua wa nyumba yao pale Kiwanjani. Ilikuwa tangi la chuma lililolazwa juu ya matofali, chini yake mdomo wa kutilia kuni, na juu yake bomba la moshi. Maji ya kisima yaliingia upande mmoja yakiwa baridi, yakatoka bafuni yakiwa moto. Awale, mumewe, ndiye aliyeiunda mwaka alipouza lori lake. Hilo bomba la moshi lilikuwa ekzosi ya lori, aliyomkatalia mnunuzi mchana kweupe. "Chukua gari, uniachie sauti yake," alimwambia, na mnunuzi kwa kuona haya akaiacha.

Awale alikuwa mtu wa barabara. Babu yake aliletwa huku na jeshi la Waingereza. Vita vilipokwisha bunduki ikarudi kwa wenyewe, yeye akabaki, na tangu hapo ukoo mzima ukawa wa biashara na uchukuzi. Awale alipeleka unga na sukari hadi Sericho, akarudi na mbuzi na vumbi. Kisha macho yakaanza kuingia ukungu. Daktari akasema ni presha ya macho, na kilichopotea hakitarudi. Lori likauzwa, na Awale akakaa kwenye kiti uani, asubuhi hadi jioni, bila neno. Ukimwuliza chai, kimya. Ukimwambia mvua inakuja, kimya. Sirad aliogopa kimya kile kuliko alivyowahi kuogopa majambazi wa njiani.

Ndiyo maana siku Awale alipoinuka akaomba nyundo na matofali, Sirad alimshukuru Mungu kwa sauti. Boila ikaundwa, na mwanamume akapata kazi. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alitoka kwa fimbo yake, akapanga kuni, akawasha. Maji yalipopata moto aliita kwa sauti ile ya kuita abiria: "Maji tayari!"

Mambo yangeishia hapo tungesema heri. Lakini macho hayakungoja. Ulifika wakati Awale akipanga kuni mbichi chini na kavu juu, kiberiti kikiunguza majani mawili matatu, kisha moto ukifa hata kabla hajageuka. Yeye alirudi ndani na tasbihi yake, roho safi. Hapo Sirad alinyata kutoka kwa mlango wa jiko, akazitoa kuni zote, akazipanga upya, akamimina mafuta ya taa kidogo, akawasha, akarudi kitandani kwa ncha za vidole kama mwizi wa kuku. Baadaye "Maji tayari!" ikiitwa, alijibu, "Mungu akupe afya, Baba Nafiso."

Alifanya hivyo miaka. Na tangi lilipoanza kuzeeka, kukawa na maji ya kutu ya kuchuja, na dimbwi la kupanguswa kabla mzee hajateleza. Mgongo ulimuuma. Usingizi wa asubuhi, ule mtamu kuliko wote, aliusahau ladha yake. Alichotaka duniani kilikuwa kulala mpaka jua limguse usoni, na hakumwambia mtu, maana mwanamke wa umri wake anayetaka kulala huulizwa kama ni mgonjwa.

Binti yao Nafiso, muuguzi huko Nairobi, alijua nusu ya habari.

"Hooyo, mama yangu, niachie mimi," alisema kwenye simu. "Nitaleta sola ya kupasha maji, iwekwe juu ya paa. Wewe ni kufungua mfereji tu."

"Na baba yako atawasha nini?"

"Lakini wewe umechoka."

"Nimechoka, sijafa."

Basi tangi likavuja zaidi, hata moto ukawa unazimwa na maji ya juu yake. Adhuhuri moja, Awale alipoongozwa na jirani kwenda msikitini, Sirad akamwita Mutwiri, fundi wa kuchomelea vyuma. Alitaka litengenezwe upesi, mzee asijue hata kwamba liliugua.

Mutwiri alifungua kifuniko, akachungulia, akapiga mluzi. "Aii, mama! Hii ni chumvi ya hii maji yenu. Imejaa huku ndani kama ukoko kwa sufuria. Nikitoa yote, itachemka haraka na kuni kidogo."

"Toa, mwanangu. Toa haraka."

Akagonga, akakwangua. Vipande vyeupe vikaanguka, vinene kama vipande vya chungu kilichovunjika, na Sirad kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akajisikia mwepesi. Kisha wakajaza maji. Tangi likatoka maji mbavuni, tumboni, mgongoni, kila mahali, likalowesha kuni na viatu vya fundi.

Mutwiri akasimama na nyundo yake. "Pole, mama. Kumbe chumvi ndio ilikuwa inashika maji. Chuma yenyewe iliisha kitambo."

Sirad alitamani ile nyundo dakika moja tu.

"Si mwisho," fundi akaharakisha kusema. "Naweza tafuta tangi ingine nichomelee hapa hapa, na bomba nirudishe vile ilikuwa. Mzee hata hatajua. Ama muache kabisa, muweke sola. Ni wewe utaamua."

Ni wewe utaamua! Sirad akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa. Akitengeneza, atanyata kwenda kuwasha moto mpaka kaburini. Akibadilisha, atamrudisha mumewe kwenye kile kiti na kile kimya. Machozi yakamtoka, na hakuwa akililia tangi. Alilia kwa sababu hata kuamua kulihitaji nguvu, na nguvu hakuwa nazo.

Fimbo ikasikika langoni. Sirad akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha Mutwiri.

"Asalaam aleikum," Awale akasema. "Nasikia maji."

Akaja polepole, akaweka kiganja kwenye tangi, akakipitisha huku na huku, maji yakimtiririka hadi kwenye mkono wa kanzu. "Limekufa?"

"Fundi anasema linatengenezeka," Sirad akajibu upesi.

"Wewe unataka litengenezwe?"

"Nataka unachotaka wewe, Baba Nafiso."

Awale akajifuta mkono kifuani. "Sirad, kila asubuhi mimi nanusa mafuta ya taa. Na mimi sijawahi kuwasha moto kwa mafuta ya taa."

Sirad akahisi uso unamchoma. "Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza."

"Na ukaendelea kutoka kila siku?"

"Ule mwaka wa kiti, wewe ulikuwa unalia jikoni, ukidhani sisikii. Nikasema, huyu akiniona na kazi hatalia tena. Magoti yangu, unayajua? Kuinama pale kila asubuhi ni adhabu, wallahi. Nilikuwa nangoja uniambie, basi, imetosha."

"Miaka yote hii! Ungesema neno moja, Awale!"

"Nawe ungesema."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote kuhusu wawili wanaofichana kwa upendo. Sirad alikasirika, akaona haya, akataka kucheka, yote kwa pamoja. Hasira ndiyo ilikuwa kubwa, maana alifikiria asubuhi zile zote, na hakuna mtu aliyekuwa amezihitaji.

Mutwiri akakohoa. "Sasa nichomelee ama nisichomelee?"

"Usichomelee!" wakajibu wote wawili.

Sola ilipofika na kufungwa, Sirad aliswali alfajiri, akarudi kitandani kwa mazoea ya kungoja. Akamsikia Awale akitoka na fimbo yake. Akashusha miguu sakafuni, akasikiliza. Awale hakwenda nyuma ya jiko. Alivuta kile kiti cha zamani, akakiweka nje ya dirisha la chumba, akaketi na kuanza kuhesabu tasbihi. Kuku walipokuja kupekua karibu na dirisha, akawatishia kwa fimbo bila kupaza sauti.

Sirad akajilaza tena. Jua lilikuwa limeanza kupanda ukutani lango lilipogongwa. Alikuwa jirani yao Asli, na sauti yake hujulikana mtaa mzima.

"Baba Nafiso, mama yuko wapi? Nataka aniazime kinu."

"Polepole," Awale akasema. "Mwenyewe amelala. Njoo baadaye."

Maisha yake yote Sirad hakuwahi kumsikia mtu akimsemea hivyo. Akavuta shuka mpaka mabegani, akafumba macho.