Maji Niliyoyafungia Njia

Mwanangu, kuna alasiri moja ya masika ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Nakuandikia kabla hujazaliwa kwa sababu najijua. Ukishafika nitaanza kuhangaika na mambo mengine elfu, hili nitalisahau. Najua pia kwamba nasaha hutolewa na watu wenye mvi, na mimi sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini nina kosa nililolifanya, na nina shukrani kwa namna lilivyoisha. Nimeona hivyo viwili vinatosha kuanzia.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi kukaa na Babu, baba yake mama yangu, kule upande wa juu wa Sakina ambako nyumba zinaanza kupanda kuelekea mlimani. Kazi nilikuwa sijapata, na kichwa kama changu kikikosa kazi kinajitafutia. Nikisikia gari la zimamoto barabarani, nawaza mtungi wetu wa gesi. Babu akikohoa mara mbili, nawaza nani atamsindikiza hospitali na kadi yake ya matibabu iko wapi. Mwishowe nikaamua kwamba nyumba yetu itakuwa tayari kwa lolote.

Nikaandaa begi moja kubwa. Humo niliweka tochi, bandeji, nguo kavu, blanketi, dawa za presha za Babu za wiki mbili, na nakala za vitambulisho vyetu ndani ya mfuko wa nailoni. Nikajaza madumu ya maji. Ukutani nikabandika karatasi yenye namba za nesi wa zahanati, dereva wa bajaji na zimamoto. Babu aliisoma karatasi ile yote, mstari kwa mstari, akacheka.

"Mke wangu," aliniita, kama mababu wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, "mbona namba ya Mungu hujaandika?"

"Hiyo unayo wewe, Babu."

Lililobaki lilikuwa maji ya mvua. Hapa nikueleze vizuri. Nyuma ya nyumba yetu unapita mfereji unaoleta maji kutoka mlimani, na kila shamba la migomba lina zamu yake ya kumwagilia. Masika mvua ikizidi, mfereji hufurika. Kwa hiyo tangu zamani Babu huchukua jembe, akafungua mahali fulani kwenye tuta la mfereji, maji yakaingia kwenye migomba yetu, yakatambaa humo taratibu mpaka yakaangukia korongoni. Migomba haidhuriki. Ila uani kwetu panakuwa tope tupu, na mwaka mmoja maji yalifika mlangoni mwa jiko. Jambo hilo lilininyima usingizi. Nilipima kwa kamba kutoka mlango wa jiko hadi kwenye mfereji. Nilipima mara tatu.

Babu alipokwenda Kisongo kumuuguza dada yake kwa wiki moja, nikaita fundi. Tukaziba pale mahali kwa mawe na saruji. Nilimsimamia mwenyewe asipunguze saruji, na akaniahidi kwamba halitapita hata tone. Babu aliporudi sikumwambia. Nilitaka mvua inyeshe, aone mwenyewe uani kukavu, ndipo nijisifu.

Mvua ikanyesha siku ya nne baada ya yeye kurudi, saa tisa mchana, mvua ile ya kupiga mabati hadi watu wanaongea kwa ishara. Babu akavaa koti lake, akachukua jembe, akatoka nyuma. Nikamfuata nikiwa natabasamu, Mungu anisamehe.

Alisimama mbele ya ile saruji. Akaigonga kwa jembe, ikalia.

"Nani ameziba hapa?"

"Ni mimi, Babu. Ili jikoni pasiingie maji."

Hakunikaripia. Alinitazama tu, maji yakimchuruzika kwenye ukingo wa kofia, akaniuliza, "Na haya maji uliyoyakataa hapa, uliyaambia yaende wapi?"

Nilikuwa nimewaza moto, wizi, maradhi, hata tetemeko. Hilo sikuwa nimeliwaza. Kabla sijafungua mdomo tukasikia kelele kutoka chini, kwa jirani yetu Mama Elia. Nyumba yake ndiyo inayofuata baada ya yetu, na imekaa bondeni kidogo. Ndani alikuwamo Naomi, mkwe wake, aliyejifungua kwa upasuaji siku tisa tu zilizopita. Alikuwa bado yuko ndani kwa uzazi, analishwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na mafuta ya kondoo, hata ndoo haruhusiwi kuinua. Elia mwenyewe, mume wa Naomi, alikuwa kazini.

"Nenda kwa mtoto," Babu akasema. "Niletee sululu kwanza, kisha nenda."

Nilipofika, maji yalikuwa yamenifika magotini, na tuta la mfereji upande wao lilikuwa limekatika. Masufuria yanaelea. Naomi amesimama juu ya kitanda, mkono mmoja ameshika tumbo pale kwenye mshono, mwingine amembana mtoto. Mama Elia anavuta gunia la mahindi huku analia.

"Acha mahindi, Mama!" nikamwambia.

"Nakuja, nakuja! Mchukue mtoto wewe!"

Nikamweka mtoto kifuani ndani ya koti. Mama Elia akamshika Naomi kiunoni, tukapanda hatua kwa hatua, huku Naomi akiteleza kila mara. Nilikuwa nasema kimyakimya, usife, usife, na sijui nilikuwa namwambia nani kati ya wale wawili.

Nyumba yetu ilikuwa kavu kabisa. Nilivyoiona kavu vile, niliona aibu.

Basi lile begi likafunguliwa. Nguo kavu zikamwenea Naomi. Blanketi likamfunika mtoto. Nikampigia nesi kwa namba ya ukutani, akaja na bajaji, akaukagua mshono na kusema haujaingia maji. Mtoto alipata joto, akapiga chafya, kisha akaanza kulia kwa hasira, nasi wote tukacheka kama vichaa. Nikakimbia nyuma kumsaidia Babu. Tulivunja ile saruji kwa zamu mpaka mikono ikatoka malengelenge. Saruji ilikuwa nzuri mno. Ilipoachia, maji yakageukia migomba, na kule chini kelele za maji zikapungua.

Niliporudi ndani nilimpigia magoti Mama Elia. "Shikamoo Mama. Maji yale ni mimi niliyeyaleta kwako. Nilifunga njia yake."

Akakamua khanga yake. "Saruji niliiona tangu Jumamosi," akasema. "Nikadhani babu yako ndiye ameamua hivyo. Nikaogopa kumuuliza mzee." Kisha akanitazama juu mpaka chini nilivyolowa. "Msomi mzima. Tochi umenunua, dawa umenunua. Kuja kunigongea mlango ndiko kulikushinda?"

"Nisamehe, Mama."

"Nimeshakusamehe, ndiyo maana nakutukana. Weka chai."

Walikaa kwetu siku kumi na moja. Mimi ndiye niliyekuwa nampikia Naomi mtori, na ndiye niliyefua nepi. Babu hakulitaja tena lile jambo isipokuwa asubuhi moja, tulipokuwa tunarudisha tuta la mfereji upande wa Mama Elia. Alisema nyumba anayoishi yeye inaanzia juu kule kwenye chemchemi na kuishia korongoni, na kwamba karatasi yangu ilikuwa nzuri ila imeandikwa kwa ajili ya chumba kimoja cha nyumba hiyo. Nikaenda nikaandika nyingine, na nakala nikampelekea Mama Elia.

Mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Jiandae. Usimsikilize atakayekucheka kwa kuweka tochi na dawa na maji, maana vitu vile siku ile viliwafaa watu. Lakini kabla hujaziba, hujafunga wala hujajenga, toka nje uulize hatari unayoisukuma itoke mlangoni kwako itaingia kwa nani. Waambie wa nyumbani ulichopanga, umwambie na jirani. Yule mzee aliyefanya jambo moja kila mwaka bila kukueleza sababu, muulize sababu. Na ukikosea, sema mapema, kwa mdomo wako, umelowa hivyohivyo.

Namshukuru Babu kwa swali lake. Namshukuru Mama Elia kwa matusi yake. Namshukuru Mungu kwa chafya ya mtoto yule, ambaye sasa anakimbia na kuniita shangazi.

Nakuombea, mwanangu, uzaliwe salama na ukue ukiwa na majirani wanaokugongea mlango bila kuogopa. Paa lako lisivuje, jiko lako lisizime. Na siku maji yatakapokushukia, ukute huko juu kuna mtu aliyekufikiria kabla hayajafika.