Pono wa Kahawia

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpaka pono rangi ya kahawia. Nilimchora kwenye ubao wa kibanda cha mama sokoni Nachingwea, ambako anauza samaki wakavu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kazi yangu ilikuwa kumsaidia yeye tu. Wala sikubahatisha. Nilimtoa pono kwenye tenga, nikamlaza mbele yangu, nikachanganya rangi mpaka zikafanana naye kabisa. Changu naye alikuwa wa kahawia, tasi wa kahawia, chewa wa kahawia iliyokolea. Kwetu bahari hutufikia ikiwa imebanikwa au imeanikwa na chumvi, na mimi nilikuwa sijawahi kuiona.

Haikupita wiki, dereva mmoja wa Lindi aliyeleta mzigo akasimama mbele ya ubao, mikono kiunoni.

"Dogo, huyu pono ulimkuta kikaangoni?"

Wauza nyanya wote wakageuka.

"Kwani yukoje?" mama akamuuliza.

"Kijani, mama! Kijani kama jani la mgomba, na buluu humo humo. Hawa mnaowala nyie huku ni marehemu."

Soko likacheka. Mama akacheka kuliko wote, mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Alicheka kwa furaha tu, kama mtu aliyesikia habari njema, lakini mimi ni mtu ambaye nikikosea hesabu ya chenji nairudia kichwani mpaka kesho yake. Jioni ile nilichukua kipande cha msasa nikamkwangua pono na wenzake wote. Ubao ukabaki mweupe.

Mama akauona. Alisema, "Miaka yote namuuza mtu ambaye sura yake siijui. Nipeleke Lindi, mwanangu, nikamwone huyo wa kijani."

Nikamwambia nitampeleka. Kimoyomoyo nikaongeza sharti: nikishawajua samaki wote.

Nilipata kazi Ruangwa, kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, na pale kulikuwa na intaneti. Wateja wakipungua nilitafuta samaki. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwamba mkundaji ana ndevu mbili kidevuni anazochimbulia chakula mchangani. Nilijifunza kwamba miba ya tasi ina sumu, na kwamba rangi ya samaki huanza kumtoka mara tu anapokufa. Hili la mwisho lilinitisha. Lilimaanisha kwamba hata picha nzuri inaweza kukudanganya, kwa hiyo nikaanza upya.

Kila niliporudi nyumbani nilimsimulia mama, naye akisikiliza huku mikono yake ikipanga mafungu.

"Sasa tunakwenda lini?"

"Bado kidogo, mama. Nimalize changu kwanza. Changu wako aina nyingi."

"Kwani huko Lindi kuna mtihani?"

Nilicheka, lakini jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Niliuona mtihani wenyewe: mimi na mama tumesimama ufukweni, yeye ananyoosha kidole, "Huyu nani?", mimi sijui, na yule dereva yuko nyuma yetu. Ufuta ukavunwa, tukaahirisha. Korosho zikauzwa, tukaahirisha. Nauli ilikuwapo mara zote. Niliyekuwa sijawa tayari ni mimi.

Kisha mama akaanza kuchanganya mafungu. Nilikuta pono kati ya changu, tasi kati ya dagaa. Nilimrekebisha. Nilipanga upya mbele yake, kwa mpangilio wangu, nikamwambia awe makini. Alisema ni moshi wa jikoni. Siku nyingine alipiga teke beseni lililokuwa pembeni ya mguu wake, akasema ni vumbi. Sikushtuka. Mimi niliyekuwa naweza kukueleza mapezi ya samaki ambaye sijawahi kumgusa, sikuona kwamba mama yangu anageuza kichwa kizima ili anitazame.

Hospitali walisema ni presha ya macho. Daktari alisema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo kwa wengi: kilichopotea hakirudi, tutajaribu kulinda kilichobaki. Dawa ya matone ilijaribu. Kilichobaki nacho kikaenda, kidogo kidogo, mpaka akabaki na mwanga bila maumbo.

Muda mrefu Lindi haikutajwa. Mimi nilidhani amesahau, au nilitaka awe amesahau. Ndipo asubuhi moja akaniambia, "Nipeleke hivyo hivyo."

Tulifika mnadani Lindi wakati samaki wanashushwa. Nilimshika mkono kati ya ndoo na maji ya barafu yaliyomwagika. Mwanamke mmoja muuzaji akaiona hali ya mama. Alimpa pono mkononi.

"Shika, mama. Huyo kavuliwa leo."

Mama alimpitisha vidole taratibu, magamba makubwa, kisha mdomo ule mgumu.

"Ndiye," alisema. "Mdomo ndio huu huu." Akaniinulia uso. "Haya, niambie. Hiyo kijani yenyewe ikoje?"

Nikamtazama pono. Alikuwa wa kahawia.

Lazima niseme ukweli hapa. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba wale wa kijani na buluu ni madume makubwa, na kwamba majike mengi ya pono ni ya kahawia. Sikumwambia mama kwa sababu nilitaka nihakikishe kwanza.

"Dada, wa kijani hamna?" nikamnong'oneza muuzaji.

"Leo wametoka hawa tu, kaka."

"Mnanong'ona nini?" mama akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini yule pono alikuwa mkononi mwake, na sikuona haki ya kumpa wa uongo.

"Mama, huyu ni wa kahawia."

"Kahawia ya ubaoni?"

"Ana wekundu kidogo tumboni. Lakini ndiyo. Ya ubaoni."

Alicheka, kicheko kile kile cha sokoni, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, na safari hii sikujua anafuta nini.

"Kumbe ulimpatia," alisema. "Ulimpatia, halafu ukamkwangua."

Nilimnunua yule pono. Nilimbeba mpaka Nachingwea, na rangi yake ilikuwa inafifia njia nzima.

Siku hizi nimeacha kazi ya Ruangwa, nakaa kibandani na mama. Ubao una pono mmoja wa kahawia, tone la rangi limechuruzika kwenye mkia na nimeliacha. Mama akiniuliza rangi ya kitu, khanga ya mteja au wingu upande wa Marambo, namjibu hapo hapo, hata kama sina uhakika.