Kitanda cha Katani

Juzi nilikwenda Tanga kumjulia hali mwenzangu wa utotoni. Akaniambia, "Kaa hapo kitandani, viti vina joto." Nikakaa. Nilipozihisi tu zile kamba chini yangu, wivu wa zamani ukanipanda, mtu mzima mimi, mwenye wajukuu.

Utanicheka, lakini ngoja nikueleze.

Miaka ile ya hamsini, mtaa wetu wa Ngamiani ulikula mkonge. Simaanishi tuliutafuna. Malori yalishuka kutoka mashambani yamesheheni marobota ya katani, na nyuzi nyeupe zikaruka njiani zikanasa kwenye kuta na miiba, hata kwenye chapati za yule mama wa kona. Meli ikiwa bandarini, nyumba nyingi zilikuwa na sukari. Meli ikiondoka, chai ya rangi tu. Baba wa mwenzangu huyu alikuwa kuli, akishusha marobota kwenye matishari yaliyoyapeleka melini, akirudi nyumbani na mvi za katani kichwani. Kwao walikula mikate ya mofa na samaki wa kupaka. Harufu ilivuka ua ikanikuta na muhogo wangu wa kuchemsha.

Sisi, mimi na bibi yangu, tulikuwa watu wa makumbi, yale maganda ya nje ya nazi. Tuliyafukia ufukoni kwenye tope, tukayaacha miezi yaoze, kisha tukayafukua na kuyaponda mpaka nyuzi zake, usumba, zitoke, bibi akasokota kamba. Wee, ile harufu! Iliingia kwenye kucha na nywele, na chuoni, tulikosoma Kurani, wenzangu wakanipisha jamvi zima.

Mwenzangu alikuwa na mwanasesere mwenye nywele za katani, ndefu, za singa, zinang'aa. Wangu alikuwa na nywele za usumba.

"Mwanao kavaa kifuu," aliniambia.

"Na wako mzee, ana mvi," nikamjibu, lakini jioni nilikwenda kulia chooni. Bibi, ambaye aliniita mke mwenzangu kama bibi wote wanavyowatania wajukuu zao, akaniambia, "Mke mwenzangu, kijicho hakioteshi nywele. Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

Kumbe naye alikuwa na chake moyoni. Katika mtaa wetu hakuna mwari aliyeolewa asilale juu ya kamba za bibi. Ndiye aliyewamba vitanda vyote, na katikati ya kila kimoja alisuka umbo la jicho la samaki, alama yake. Sasa kamba zake zilining'inia barazani na wapita njia wakauliza, "Za katani huna?"

Ndipo dada wa mwenzangu akaposwa. Mama yao akaja barazani.

"Shikamoo, mama. Tunataka utuwambie kitanda cha mwari."

"Marahaba, mwanangu. Kamba hizo, chagua."

Yule mama akatazama chini. "Kamba tunazo. Baba yao kaleta za katani. Tunataka mkono wako tu."

Bibi hakuacha kusokota. "Mkono wangu na kamba zangu ni mtu na mkewe," alisema. "Umemwalika mume karamuni, mke abaki na nani?"

Jirani akaondoka. Nilifurahi mno. Nikawaza kitanda chao kitakosa fundi, mwari alale chini kwenye mkeka, na yule mwanasesere wa mwenzangu naye alale chini.

Asubuhi ya pili nikamkuta bibi uani na bakuli la ndimu. Alikuwa akizisugua kwenye viganja, kwenye kucha, hata kwenye viwiko. Nikamuuliza anafanya nini.

"Mwari hana kosa," alisema. "Sitaki akumbuke usiku wake kwa harufu ya makumbi."

Akaenda. Aliwamba kutwa nzima, ubani ukifuka, wanawake wakipiga vigelegele. Mwisho tukaitwa watoto, mimi na mwenzangu, tukabiringishwa juu ya kitanda ili mwari apate uzazi. Nilitaka kuchukia, ila kilikuwa kizuri, nakwambia, cheupe kama nazi iliyokunwa. Jioni bibi akafungua pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na kishungi cha katani, masalio ya kitanda kile.

"Haya, mke mwenzangu, mpe mwanao nywele."

Tangu siku hiyo waliitaka mikono yake, kamba zake hawakuzitaka tena. Shimo letu la makumbi lilijaa mchanga. Baadaye nailoni ikaja ikaifanyia katani vile vile katani ilivyotufanyia sisi. Malori yakapungua, mashamba yakaota vichaka, ukuta wa nyumba yetu ukabaki bila uzi hata mmoja.

Kitanda kile mwenzangu aliachiwa na dada yake. Ndicho nilichokalia juzi, na jicho la samaki lingalipo katikati. Kamba za makumbi zote zimekwisha, hata kipande sina. Kazi ya mikono ya bibi yangu imebaki nyumbani kwa jirani.

"Nipe hiki, nikununulie cha godoro," nilimwambia.

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Nywele za mwanasesere nilikuachia. Na kitanda tena? Nenda kalale kwenu."

Alipoingia jikoni kuleta kahawa, niliinama nikalinusa lile jicho la samaki. Nilitafuta makumbi. Hayakuwapo, hata chembe. Bibi alizisugua sana zile ndimu.