Samaki Wapole wa Shangazi

Shangazi hakununua samaki kwa ajili ya pambo. Mapambo alikuwa nayo ya kutosha: maua ya plastiki, saa ya ukutani yenye ndege asiyelia, na picha za ndoa zote alizozizuia zisivunjike. Samaki aliwanunua wawe ushahidi.

Kazini alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini, na huko hata mashuka yalimtii. Nyumbani ukoo mzima ulimtii, au ulijifanya unamtii, jambo ambalo kwake lilikuwa lile lile. Mtu akikosana na mkewe, au ndugu wakinuniana, walipelekwa sebuleni kwake, wakakalishwa kwenye kochi la watu wawili lililotazamana na tangi la vioo. Humo, katikati ya mawe yenye matundu, kundi la samaki wadogo wa baharini, urefu wa kidole, kijani kinachong'aa mpaka kinageuka buluu, walikwenda pamoja na kukata kona pamoja.

"Waangalieni," Shangazi alikuwa akisema, mikono kaikunja kifuani. "Mmewahi kusikia mmoja kamnunia mwenzake? Nyumba ile ile, maji yale yale, chakula kile kile. Nyinyi mna vyumba vitatu na bado mnagombania rimoti!"

Watu walitazama. Wengine walipatana kwa kuguswa, wengine walipatana ili waruhusiwe kwenda nyumbani. Shangazi hakubagua, wote aliwaweka kwenye hesabu ya ushindi.

Na samaki wenyewe aliwapenda, tusimwonee. Maji yao aliyakoroga kwa chumvi maalumu kwenye ndoo ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, akayapima kwa kipimo, akayapima tena, akawasha pampu na kuitegea sikio kana kwamba ni kifua cha mtoto mchanga. Muuza samaki alikuwa amemhakikishia: "Hawa, mama, ni wapole. Hawana makuu." Shangazi alijiona kapata watu wa aina yake.

Basi ikafika zamu ya mdogo wake wa mwisho, fundi wa kupaka rangi, ambaye mama yao alipofariki Shangazi ndiye aliyemlea. Alipiga simu. "Dada, mke wangu anaondoka. Ameshafunga begi. Akiondoka mimi nimekwisha."

"Hakuna atakayekwisha," Shangazi alimjibu. "Mlete Jumapili. Begi liacheni huko huko."

Lakini alipokata simu hakutulia. Ndoa za watu alikuwa amezishona nyingi, na hii ya kwao ndiyo inafumuka! Tena mdogo wake alikuwa mtu wa kupenda mara moja tu, hilo Shangazi alilijua. Akimpoteza huyu mwanamke, hakuna kochi litakalomrudisha.

Jumapili asubuhi akaenda kuwalisha mashahidi wake, akapigwa na butwaa. Samaki mmoja alikuwa amejibanza nyuma ya bomba la pampu, mkia umechanika. Kila alipochungulia, mkubwa wao, mwenye tumbo la mtu aliyeshiba, alimtimua mbio, na wengine wote wakamfuata mkubwa kama wapambe wa kiongozi.

Alimpigia muuza samaki. "Uliniambia wapole!"

"Ni wapole, mama. Ila ndani ya kundi huwa anatokea mmoja anayejiona ndiye mwenye nyumba."

"Basi huyu anayepigwa nimtoe nimpumzishe."

"Ukimtoa huyo, watamtafuta mwingine. Mtoe anayefukuza. Mtenge kwa muda, wenzake wapate kupumua."

Kabla hajauliza zaidi, mlango uligongwa. Shangazi akatupia kitambaa cha meza upande ule wenye pampu, akawamwagia samaki chakula cha kutwa nzima ili washibe watulie, kisha akaenda kufungua akiwa na uso wa amani.

Wifi yake alikuwa muuzaji wa duka la dawa, mwenye sauti ndogo ambayo Shangazi, miaka yote, aliichukulia kuwa ni unyenyekevu. Wakakaa kochini, mume huku, mke kule, katikati nafasi ya kutosha mtu wa tatu.

"Waangalieni," Shangazi akaanza. "Mmewahi kusikia mmoja..."

Mwenye mkia uliochanika akachomoka nyuma ya kitambaa, akapita mbele ya kioo kwa kasi, na mkubwa nyuma yake akimng'ata.

"Dada," akasema yule fundi, "mbona wanapigana?"

"Wanacheza."

"Yule hana mkia."

"Ndivyo alivyozaliwa."

Wifi aliinuka taratibu, akapiga magoti mbele ya tangi, akatazama kwa muda mrefu. "Yule ni mimi," akasema.

Shangazi aliidaka nafasi hiyo juu kwa juu. Akamgeukia mdogo wake. "Unaona? Unaona unavyomtesa mtoto wa watu? Siku zote nakwambia, mke si ukuta wa kupaka ukauacha ukauke..."

"Siyo yeye, wifi," ile sauti ndogo ikamkatiza.

"Nani basi?"

"Yule mkubwa ni wewe."

Shangazi akakinyoosha kile kitambaa juu ya tangi.

"Mimi simkimbii mume wangu," wifi akasema. "Nakukimbia wewe. Kwangu unaingia bila hodi. Unafunua sufuria kabla hujanisalimia. Mapazia yangu umeyabadilisha mimi niko kazini. Nikinyamaza, nina kiburi. Nikisema, nina mdomo. Na huyu bwana," akamnyooshea mumewe kidole, "kazi yake kukufuata nyuma kama hao wengine."

Shangazi akafungua kinywa. Hotuba nzima ilikuwa tayari, imenyooshwa na kukunjwa. Akamtazama mdogo wake ampe nguvu. "Na wewe unanyamaza tu?"

Fundi alikuwa akiviangalia viatu vyake vyenye madoa ya rangi. "Dada," akasema, "mapazia ya zamani nilikuwa nayapenda."

Hayo ndiyo yaliyomuumiza. Ya wifi angeweza kuyajibu mpaka jioni, lakini huyu alikuwa mtoto wake, na tangu aanze kutembea hakuwahi kumwambia hapana. Shangazi aliona aibu, aibu ya kweli, akanyanyuka akaenda jikoni. Kutoka huko yakasikika mafua ya ghafla.

Aliporudi alikuwa amekunja mikono ya gauni, ameshika wavu mdogo na kikapu cha plastiki chenye matundu. "Muuza samaki kasema atolewe anayefukuza," akasema. "Njooni mnisaidie."

Ikawa vurugu. Mkubwa hakuwa mjinga, akajichimbia kwenye mawe. Fundi akazamisha mkono mpaka begani, maji yakamwagika kwenye zulia, Shangazi akavua hewa tupu mara kadhaa.

"Kushoto, wifi!" akapiga kelele wifi yake, na ile sauti haikuwa ndogo tena. "Siyo huko! Kushoto!"

Shangazi akaenda kushoto. Katika nyumba yake mwenyewe, akaenda kushoto alikoambiwa, na mkubwa akaingia wavuni.

Wakamweka kwenye kikapu, wakakining'iniza ndani ya tangi lile lile, awaone wenzake asiwaguse. Mwenye mkia uliochanika alisubiri kidogo, akachungulia, kisha akajiunga na kundi, akiogelea upande upande.

"Huyo atakaa humo kwa muda," Shangazi akasema, akijifuta mikono. Hakumtazama mtu. "Na mimi je?"

Wifi alifikiri kama mtu anayepima dawa kali. "Wewe usije mpaka nikuite."

"Sawa," akasema Shangazi, na neno hilo lilimtoka kwa shida kuliko neno lolote alilowahi kulisema.

Jioni ile fundi alimpigia kumwambia begi limefunguliwa, nguo zimerudi kabatini. Baada ya hapo ukawa ukimya. Shangazi aliokota simu, akaitua, akaiokota, akayasumbua mashuka yasiyo na hatia. Wiki zikapita kabla wifi hajapiga: "Njoo Jumamosi, ukipenda."

Alifika mapema, ikambidi azunguke mtaa. Mlangoni mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitasa. Akaurudisha, akagonga.

"Hodi."

"Nani?" sauti ya wifi ikauliza kutoka ndani, ingawa alikijua vizuri hata kikohozi chake, sembuse sauti.

Majina alikuwa nayo mengi: dada wa mwenye nyumba, mkubwa wa ukoo, aliyemlea mumeo. Yote yalimjia mdomoni, na yote akayameza.

"Mgeni," akasema.

Mlango ukafunguliwa.