Dume Aliyekataliwa Kisu

Nakumbuka siku ya harusi yangu hapa Koboko kwa mambo mawili: hina ilinikaa vizuri, na nyama haikupikwa. Mwanangu, juzi umenijia na maneno ya redio, eti sheria ya wanaotesa wanyama ikazwe au iachwe ilivyo, eti ikikazwa maskini ndio watakaoozea jela. Hebu kaa. Mimi bibi yako, haboba kama tunavyosema sisi Wanubi, jibu ninalo, na sikulipata redioni.

Baba alikuwa amefariki, kwa hiyo aliyenisimamia ni kaka yangu Ramadhani. Ramadhani alikuwa askari, na miaka ile ya sabini, wanajeshi wakitawala nchi, askari alikuwa askari kweli. Akikohoa, mtaa mzima unameza mate. Alirudi likizo na bastola kiunoni na maneno makubwa, kwamba kwenye harusi ya dada yake atachinjwa ng'ombe dume ambaye Koboko haijamwona. Nilifurahi, kwa nini niongope? Wakwe walikuwa wanatoka Arua mjini, na watu wa Arua, hata leo, wakila kwako wanakwenda kusimulia.

Dume alimpata Manibe, kule karibu na Arua, Alhamisi mchana. Harusi ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Sasa, kutoka kule mpaka huku ng'ombe hutembezwa taratibu. Anakula majani, analala njiani, anafika na shibe yake. Ramadhani hakuwa na muda wa majani. Alimwita Candia, mtu wa Pajulu, huko huko karibu na Arua, ambaye kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe, akamwambia, kesho asubuhi dume awe Koboko, asipokuwepo utanijua. Akapanda gari akaja zake.

Candia angefanya nini? Mkono usioweza kuukata, ubusu. Aliswaga usiku kucha. Dume alipochoka, alimsokota mkia mpaka ukavunjika. Alipolala chini, alimtia pilipili machoni ili ainuke. Mambo hayo mpaka leo yako kwenye minada, usiniambie hayako.

Wakafika asubuhi, dume akaanguka uani kwetu. Mzee Fadhlalla alikuwa anangoja. Huyo ndiye aliyewachinjia Waislamu wa mtaa wetu wote, bila kisu chake hakuna karamu. Na alikuwa na desturi yake. Kwanza anamnywesha mnyama maji, kisha anasubiri atulie, kisu amekificha nyuma ya mgongo mnyama asikione. Siku ile aliinama, akatazama yale macho yaliyovimba, mkia unaoning'inia, kwato zinazotoka damu. Akakivisha kisu kitambaa chake.

"Hii mimi sichinji," alisema. "Hii mumeshaua kwa barabara."

Ramadhani alicheka. "Mzee, iko hai. Chinja, watu wanangoja."

"Iko hai, ndiyo. Sisemi haramu. Lakini tumeambiwa mnyama apumzike mbele ya kisu. Huyu alipumzika wapi? Kisu yangu haitoki."

Mimi nilikuwa ndani, hina haijakauka. Nikatoka mlangoni mikono juu kama mtu aliyekamatwa, nikapiga kelele, "Mzee, chinja tu! Wageni watakula nini, aibu yangu?" Wallahi nilimchukia. Niliona ananiharibia siku yangu kwa ajili ya mkia wa ng'ombe.

Ramadhani aliona watu wanatazama. Hakuweza kumpiga mzee, basi akamgeukia Candia, akaanza kufungua mkanda. Alitaka mkosaji apatikane upesi, apigwe, dume achinjwe, mambo yaishe. Candia akapiga magoti hata kabla ya kuambiwa. Ndipo mzee akaingia kati yao.

"Unapiga mukono, unaacha mudomo," alisema. "Mutu mwenye alisema ngombe afike leo ni nani?"

Weee! Watu wote walitazama chini. Miaka ile watu walipotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Mkono wa kaka yangu ulishuka kwenye bastola ukakaa hapo. Nyama nikaisahau. Nilimwona yule mzee, shingo nyembamba, kanzu imefuliwa mpaka imepauka, nikajua anaweza kufa hapa uani kwetu, siku ya harusi yangu, kwa kisa ambacho mimi mwenyewe nimekipigia kelele.

Mzee hakurudi nyuma. Alisema tu, kwa upole, "Ramadhani, mbuzi ya akika yako nilichinja mimi. Siku hiyo ulipewa jina, na mama yako alilia kwa furaha."

Kaka aliingia garini akaondoka. Mama akaleta maji, akamwosha dume macho. Hakuna aliyekwenda kutafuta mchinjaji mwingine. Mzee Fadhlalla akishakataa, nani tena atainua kisu?

Wakwe walikuja, tukawaandalia wali, maharagwe, bamia na samaki wakavu wa Nile. Mjomba wa bwana harusi, mtu wa kitambi, alifunua sufuria moja, akafunua nyingine, akauliza kwa sauti nyama iko wapi. Ramadhani alikuwa amerudi, amesimama langoni, bastola hana. Nilidhani atamtupia lawama Candia, au mzee.

"Nyama niliharibu mimi," alisema mbele ya wakwe wote. "Mimi nilisema afike leo. Candia hana makosa." Akakaa chini akala maharagwe.

Dume alikufa kesho yake, tukamfukia. Dume mzima, mwanangu, tukamfukia!

Haya, jibu lako hili. Sheria ikazwe. Nasema bila kupepesa macho. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na anayezoea kutia pilipili jicho la ng'ombe hasumbuki sana likija jicho la mtu. Sisi tuliishi miaka ile, tunajua. Lakini ikazwe kuanzia juu. Imshike mwenye ng'ombe, mwenye lori, mwenye karamu, yule aliyesema fika kesho. Mkimfunga mswagaji peke yake, tajiri ataajiri mwingine kabla ya jua kuzama. Faini ndogo nayo ataiongeza kwenye bei ya nyama, na wewe utailipa. Na msiiachie serikali kila kitu. Mnunuzi akatae, mchinjaji akatae, mgeni aulize. Siku ile polisi hakuwepo, na tangu hapo sikusikia tena mtu wa mtaa wetu akiharakisha dume la harusi.

Nawe ukipata watu wa kukutumikia, usimpe mtu kazi ya siku tatu ukamwambia kesho. Atakayeumia hutamwona, lakini umemuumiza wewe.

Mungu akupe mali, mwanangu, na akupe subira ya kuingoja ifike kwa miguu yake. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe kinywa cha kusema ni mimi, hata wakwe wakiwa wamekaa. Amina.