Kofia Isivuliwe

Mwanangu mchanga alipotolewa mpira wa kupumulia kooni, pale hospitali, nilidhani tumefunguliwa. Wapi! Kifungo ndiyo kwanza kilianza.

Kwanza walimwekea vipira vyembamba vya puani, vyenye hewa ya kasi. Nilivipenda, maana uso wake ulionekana. Lakini kufika adhuhuri mbavu zilikuwa zinabonyea kila akivuta pumzi, muuguzi akamhamishia kwenye mapovu: vipira vinene vilivyobana puani, vimefungwa kwenye kofia yake ya sufu, na bomba limezamishwa kwenye chupa ya maji yaliyotokota mapovu hewa ikipita.

"Vile vilikuwa vyepesi kwake, ila hivi ndivyo vinavyozuia mapafu yasinywee," aliniambia. "Maji yakinyamaza, niite. Akichoka hapa anarudi kwenye mpira, na safari hii sijui kama atatolewa tena."

Basi nikawa mfungwa wa chupa. Nilibana mkojo, chai ikapoa, sikutaka mtu anisemeshe. Niliichukia sauti ile ya mapovu, na niliogopa isije ikakoma.

Siku ya saba tangu azaliwe, mama mkwe akafika kutoka Rutamba, wembe mpya ameufunga kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo mjukuu wangu ananyolewa. Siku ya saba hairukwi."

Muuguzi alikuwa kwa mtoto mwingine. Nilijua kofia ndiyo inayoshika vipira. Nilijua kabisa! Lakini tangu niolewe sikuwahi kumkatalia mama yule hata chumvi. Nikasema, "Mama, labda tumuulize muuguzi..."

Akasema Bismillahi, akamvua mtoto kofia.

Maji yakanyamaza.

Midomo ya mwanangu ikaanza kubadilika rangi, nami bado natafuta maneno ya adabu. Najionea aibu mpaka leo. Kisha nikapiga ukelele, nikampiga mama mkwe mkono, wembe ukaanguka. Muuguzi akaja mbio, akarudisha kofia na vipira, akamfunga kinywa kwa kidole hewa isivujie hapo. Mapovu yakarudi. Rangi ya midomo ilichelewa zaidi.

Mtoto hakurudi kwenye mpira wa kooni. Mama mkwe alibaki nami, akitega sikio kwenye chupa kila nilipokwenda chooni.

Nywele tulizinyoa Rutamba, msimu wa korosho. Mama mkwe alishika wembe, akanitazama.

"Nimvue kofia, mwanangu?"

Nilikuwa nasikiliza kwanza maji, ingawa chupa tulishaiacha hospitali.